Mahari ya Hisa Mia Mbili

Abibu alipokwenda kumposa Amisa, hakuna aliyemwuliza kama ana nyumba. Mzee Aruna, baba mdogo wa Amisa, alimpa kiti, akamtilia chai, akamkagua viatu, kisha akauliza:

"Weye uko na aksio ngapi kwa Transmanika?"

Abibu hakushangaa. Kolwezi ya mwaka ule wa themanini na tano, hasa upande wa Manika, aksio, yaani hisa, zilikuwa zimeingia kwenye maongezi ya watu kama chumvi kwenye mboga. Transmanika ilikuwa kampuni ya malori yaliyobeba unga, samaki wa chumvi, sabuni na vitenge kati ya Kolwezi, Tenke na Likasi. Wafanyabiashara wachache waliotoka Maniema ndio walioianzisha. Walipotaka kuongeza malori, wakauza hisa kwa yeyote aliyekuwa na akiba: madereva wao wenyewe, mama za sokoni, wauguzi, watu wa mgodini. Kila Jumamosi asubuhi katibu wa kampuni alitoka na chaki, akaandika kwenye ubao mweusi mlangoni pa gereji bei ambayo hisa iliuzwa wiki ile. Kwa muda mrefu bei ilikaa kwenye zaire hamsini, ikipanda kidogo, ikishuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Niko nazo mia mbili na kidogo," Abibu alijibu. Alikuwa dereva wa kampuni hiyo, na kila mwisho wa mwaka aliomba zawadi yake alipwe kwa hisa badala ya fedha.

"Bon. Mia mbili njo mahari ya mutoto yangu. Makuta, feza, mi sitaki. Makuta ya siku hizi inayeyuka mu mufuko kama mawese ku jua. Aksio iko kitu."

"Baba Aruna, zote?"

"Ile 'na kidogo' utabakia nayo."

Wakacheka, wakapeana mikono mbele ya mashahidi, na nikahi ikapangwa mwezi wa tisa, baridi ikishapungua. Amisa alikuwa jikoni akisikia kila neno. Alikuwa na duka la vitenge katika soko la Manika, meza moja na kamba ya kuning'inizia, na ni Abibu aliyemletea mabunda yake kutoka Likasi miaka miwili yote ile, hata siku ambazo bunda lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kuletwa kwa baiskeli. Aliposikia mahari yake itakuwa hisa, alitabasamu peke yake juu ya sufuria. Mahari ni mali ya bibi arusi. Angekuwa mwenye lori, japo kwa kipande cha usukani.

Kisha, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, ubao ukageuka.

Aliyeleta habari sokoni ni Mama Ntumba. Baba yake aliletwa kwa treni kutoka Kasai kuchimba shaba, na yeye mwenyewe aliuza unga wa mahindi kwenye meza iliyopakana na ya Amisa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele ya parokia, na siku ile alikuja mbio, jambo ambalo soko halikuwahi kuliona.

"Amisa! Amisa wee! Tumekuwa batajiri! Aksio iko kwa elfu moja!"

"Elfu gani, mama?"

"Elfu! Wiki iliyopita hamusini, leo elfu! Mi niko na kumi na mbili. We jua kuhesabu, unihesabie, mi natetemeka."

Kabla ya adhana ya adhuhuri habari ilikuwa imemfikia mzee Aruna. Alikaa chini, akaanza kuzidisha mia mbili kwa elfu, akaacha katikati kwa raha. Mchana huohuo alimwambia fundi cherehani amshonee kanzu mpya na koti la juu. Mbuzi wa arusi akageuka ng'ombe. Ndugu wa kule Kasongo, Maniema, ambao hawakuwa wamealikwa kwa sababu ya umbali, wakaalikwa kwa sababu ya fahari.

Abibu alirudi kutoka Likasi Jumapili jioni akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Watu aliowazoea wakamwita patron, yaani bosi. Kabla hajafika mlangoni kwake alikuwa ameshaombwa mkopo, godoro na kazi. Mzee Aruna alimpokea kwa mikono miwili.

"Mukwe yangu! Mungu ni mukubwa. Sikujua mutoto ninamupatia tajiri."

Abibu hakuelewa. Aliwaza labda kampuni imepata kazi kubwa ya mgodini. Lakini alikuwa ametoka Likasi sasa hivi, na njiani, pale Tenke karibu na stesheni ya reli, alikuwa ameyaona malori mawili ya Transmanika yamesimama juu ya matofali kama kawaida, hayana mipira ya magurudumu. Utajiri gani huu usioweza kununua mipira?

Jumatatu asubuhi alikwenda gereji. Amisa akafuatana naye, na Mama Ntumba akafuatana na Amisa bila kualikwa.

Katibu wa kampuni aliitwa Mukendi. Kanisani aliitwa Tharcisse, lakini serikali ilikuwa imeyakataza majina ya watakatifu, basi ofisini na kwenye mihuri alikuwa Citoyen, yaani Mwananchi, Mukendi tu, ndani ya abakosti, suti ile isiyo na tai, ya kijivu iliyopigwa pasi hadi ikang'aa. Alipowaona wakiingia wakiwa na nyuso za sikukuu, akaweka kalamu chini.

"Hata ninyi? Tangu asubuhi bantu banakuya kuniuliza watapokea lini. Wote hawakuwa ku mukutano wa mwezi wa ine?"

"Mvua ilinyesha siku ile," alisema Mama Ntumba.

"Njo maana. Wakubwa walikuya na magari, wakapiga kura. Sikilizeni. Aksio zimekusanywa. Ishirini za zamani zimekuwa moja mpya. Bei ya moja mpya ni bei ya zile ishirini pamoja. Hakuna kitu kilichoongezeka. Hata likuta moja."

Abibu alikunja uso. "Kwa hiyo mi sasa niko na ngapi?"

"Kumi. Na kipande."

Nje fundi mmoja aligongagonga chuma. Amisa ndiye aliyezungumza kwanza, polepole, akinyoosha mikono kama anayepima nguo.

"Tata Mukendi, ni kama mi ningechukua bipande bidogo bidogo vya kitenge, ishirini, nibishone pamoja. Mbele niliuza kipande kimoja bei kidogo. Sasa nauza kitenge kizima bei kubwa. Lakini nguo ni ileile."

"Ni vile kabisa, mama."

"Na kama mutu alikuwa na bipande kumi na mbili tu?"

Mukendi alimtazama Mama Ntumba, kisha akatazama meza yake. "Huyo hafiki kitenge kizima. Kampuni itamulipa bipande vyake, kwa bei ya ubao, mwisho wa mwezi wa nane. Na atatoka."

"Atatoka wapi?" aliuliza Mama Ntumba.

"Mu kampuni, mama."

"Mi niliingia humu na miguu yangu. Nani ananitosha inje?"

Mukendi akawaeleza sababu, na hakuificha. Mkurugenzi, Citoyen Kyungu, alikuwa anazungumza na tajiri mmoja wa Lubumbashi, Citoyen Muamba, atie fedha ndani ya kampuni. Muamba alikuwa amesema hawezi kuingia mahali ambapo hisa moja ni bei ya pipi, na ambapo mkutano wa wenye hisa unajaa kama mechi ya mpira. Kwa hiyo bei ikapandishwa kwa kupunguza idadi, na watu wadogo wakafunguliwa mlango wa nyuma.

"Bei kubwa inaonekana muzuri mbele ya bageni," Mukendi alimaliza. "Ni sura. Malori ni yaleyale."

Jioni ile Abibu alikwenda kwa mzee Aruna kueleza. Alieleza vizuri, kwa mfano wa vitenge. Mzee alisikiliza hadi mwisho, huku koti jipya limeshatundikwa ukutani likiwa na chaki ya fundi mabegani.

"Kwa hiyo unanipatia ngapi?"

"Kumi, Baba. Ni zilezile mia mbili."

"Kumi." Mzee alilisema neno kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. "Abibu, tulipeana mikono juu ya nini?"

"Mia mbili za zamani."

"Haukusema za zamani! Ulisema mia mbili. Mashahidi walikuwako. Mi nataka mia mbili."

"Mia mbili mpya ni elfu ine za zamani, Baba! Hata mukurugenzi mwenyewe hana elfu ine!"

"Hiyo ni shida ya mukurugenzi."

Abibu alikuwa mtu mpole barabarani, hata mbele ya askari wa vizuizi, lakini siku ile alisimama. Alisema kwamba hajaja kununua kampuni, amekuja kuoa. Mzee akasema kama ni hivyo angeleta mbuzi, si hesabu. Abibu akatoka bila kumaliza chai yake, na Amisa, aliyekuwa mlangoni, hakujua amfuate nani: baba aliyemlea au mwanaume aliyekuwa anashika njia na mgongo umenyooka kwa hasira. Akabaki ameshika pazia.

Wiki ile habari ilizunguka Manika. Wengine walisema Abibu amekula hisa mia moja na tisini kwa kamari. Mzee Aruna alikwenda kwa mwalimu wa msikiti kutafuta nguvu. Mwalimu aliuliza maswali mengi juu ya Transmanika, akakiri kuwa mambo ya makampuni hayajui, lakini jambo moja alilijua.

"Mahari ni ya nani, Aruna?"

"Ya mutoto."

"Basi muulize mutoto. Kama anakubali kumi, ni kumi. Kama anakubali pete ya shaba, ni pete."

Mzee hakumuuliza. Alirudi nyumbani amenuna, akasema mwalimu yule ana kikohozi na hasikii vizuri.

Jumamosi iliyofuata, Mukendi alitoka na chaki yake akaandika mia tisa. Nyingine ikawa mia nane. Kisha mia sita na hamsini, kisha mia sita. Watu waliokuwa wamecheza ngoma kwa ajili ya elfu walikuwa sasa wanauza kwa hofu. Walikuwa wamefikiri hivi: kampuni yenye afya haihitaji kuvalishwa viatu virefu ili ionekane ndefu. Na mtu yeyote aliyepita Tenke aliyaona malori yale juu ya matofali. Mukendi, alipoulizwa na Amisa, alisema mambo haya hutokea. Kukusanya hisa hakuongezi wala hakupunguzi kitu siku ile ya kwanza, lakini kesho yake watu huanza kujiuliza kwa nini imefanywa, na bei huenda kule majibu yao yanakoelekea.

Mzee Aruna naye akageuka na ubao. Sasa hakutaka tena mia mbili mpya. Alituma mtu kwa Abibu aseme: makuta. Fedha taslimu, kwa bei ya siku ya uchumba, zaire elfu kumi, na hisa akae nazo mwenyewe.

"Baba," Amisa alimwambia jioni ile, akiweka sinia la ugali na sombe ya majani ya muhogo mbele yake, "mbele ulisema makuta inayeyuka. Sasa unaitaka?"

"Afazali kitu kinayeyuka polepole kuliko kitu kinaanguka."

"Na mi? Ulishaniuliza mi nataka nini?"

Mzee alinawa mikono, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kutazamwa. Aliposema, sauti yake haikuwa ya ubishi tena.

"Baba yako alikuacha mu mikono yangu. Bantu batasema Aruna alimutosha ku ndoa mutoto wa kaka yake kwa kumi. Unaskia vile inalia? Kumi. Hata kuku iko na bei kupita kumi."

Amisa akaketi mkekani karibu naye. Alikuwa amejiandaa kugombana, na sasa hasira yote ilikuwa imemtoka.

"Wacha baseme, Baba. Mi najua ni mia mbili, na Abibu anajua. Baba yangu pia angejua. Lakini mi nazitaka zile kumi, na nazitaka mbele ya mwezi wa nane kuisha. Juu ya ba mama ya soko."

Akamweleza alichokuwa anakifikiri siku zile zote. Mama Ntumba ana kumi na mbili, atatolewa. Lakini mwuza samaki wa safu ya pili, Mama Tshiela, ana nane. Kumi na mbili na nane ni ishirini. Wakiziunganisha, wana hisa moja mpya, na hakuna wa kuwatoa. Alikuwa ameshamwuliza Mukendi, naye amesema sheria ya kampuni inaruhusu watu wawili au watatu kushika hisa moja, mradi waseme mapema nani atainua mkono siku ya kura. Wako akina mama wengi wenye vipande. Ila wanahitaji mtu wa kuingia mbele yao, mwenye hisa nzima kwa jina lake, asiyeogopa kuongea mbele ya wanaume wa abakosti.

"Mutu huyo njo weye?"

"Kama utanipatia mahari yangu."

Mzee Aruna alitafuna tonge lake hadi likaisha kabisa. "Umefanana na baba yako," alisema. "Yeye pia alikuwa ananishinda wakati wa kula."

Nikahi haikungoja mwezi wa tisa. Ilifungwa Ijumaa ya katikati ya mwezi wa nane, wakati wa vumbi na upepo baridi. Ndugu wa Kasongo hawakuwahi. Ng'ombe alikuwa amerudi kuwa mbuzi. Mwalimu alipouliza mahari, mzee Aruna akasema kwa sauti kubwa, ili wa uani nao wasikie: "Aksio mia mbili, zilizokusanywa kuwa kumi!" Abibu, ndani ya kanzu ya kuazima iliyokuwa fupi kwake, akacheka hadi shahidi akamkanyaga mguu. Mama Ntumba alipiga vigelegele ambavyo, walisema watu, vilisikika hadi upande wa pili wa reli.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kushona, kama Amisa alivyoiita. Alipita meza kwa meza. Mwuza mkaa mwenye tano na mwuza sabuni mwenye saba na muuguzi mwenye nane: moja. Dada wawili waliorithi kumi na sita na jirani yao mwenye nne: moja. Walio rahisi walikubali papo hapo. Wagumu walikuwa Mama Ntumba na Mama Tshiela wenyewe, kwa sababu hawakuwa wamesalimiana tangu ubishi fulani juu ya mahali pa kumwaga maji ya samaki.

"Na yeye? Aksio moja? Afazali banitoshe!" alisema Mama Ntumba.

"Mwambie mi pia sitaki kunuka unga," alisema Mama Tshiela, ambaye alikuwa amesimama palepale na angeweza kumwambia mwenyewe.

"Basi mutoke bote wawili," Amisa alijibu, "na Citoyen Muamba atakaa ku kiti chenu, atapumzisha miguu."

Wakatazamana. Ilichukua hadi jua la alasiri, lakini wakakubaliana: mkutano wa mwisho wa mwezi atainua mkono Ntumba, ujao atainua Tshiela, na maji ya samaki yatamwagwa kule mferejini.

Mkutano huo, ulioitwa kumjadili Muamba na fedha zake, ulifanyika ndani ya gereji, malori yakiwa yamesogezwa nje na mabenchi yameazimwa parokiani. Mkurugenzi Kyungu alikuwa ametarajia watu wachache. Alikuta safu tatu za nyuma zimejaa vitenge vya kila rangi. Karibu naye alikaa Citoyen Muamba wa Lubumbashi, mtu mwembamba, mtaratibu, aliyekuwa anamumunya peremende ya kikohozi na kutazama kila kitu.

Kyungu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni isiyo na mipira, na alikuwa amechoka. Alisoma hotuba yake juu ya sura mpya ya kampuni na heshima ya hisa yenye thamani kubwa. Alipomaliza, Amisa aliinua mkono. Abibu, kando yake, alisogea ampe nafasi ya kusimama.

"Citoyen Directeur, mi naitwa Amisa, niko na aksio kumi. Niko na swali moja. Tangu aksio ikuwe kubwa, lori gani ilipata mipira?"

Mtu mmoja alicheka mbele. Kyungu hakucheka. "Hakuna, citoyenne. Bado."

"Asante kwa kusema kweli. Sasa, mulisema muliweka makuta pembeni, ya kulipa bantu ya bipande, ili batoke. Iko?"

"Iko ndani ya sanduku la kampuni."

"Bipande hakuna tena. Tulibishona. Tata Mukendi eko nabyo vyote, na majina." Mukendi, mezani kwake, aliinamisha kichwa kukubali. Kilikuwa kimebaki kipande cha mzee mmoja tu aliyehamia Kamina. "Makuta ile haina kazi. Inunue mipira. Malori ya Tenke itembee. Bei ya ku ubao itajiangalia yenyewe."

Gereji ikalipuka kwa maneno. Mtu fulani akasema mwanamke hawezi kuamua mambo ya sanduku. Mama Ntumba akamwuliza yeye amelipa hisa ngapi, na ikawa ana moja, tena ya mkopo. Kyungu akagonga meza. Kisha akamgeukia Muamba, kwa uso wa mtu anayetazama mgeni wake akipaliwa na mfupa.

Muamba alihamisha peremende upande wa pili wa shavu.

"Mi nilitaka kampuni ya bantu kidogo," alisema. "Bantu mingi ni makelele. Ni vile nilivyozoea, na sijabadili mawazo. Lakini kule Lubumbashi nilishaona makampuni yanakusanya aksio, bei inapanda ku ubao, na mwaka unaisha bila kununua hata skrubu moja. Hapa naona bantu banataka malori itembee. Nitaweka makuta. Si yote niliyosema. Nusu. Nusu ingine, kwanza nione mipira."

Kura ikapigwa. Mama Ntumba aliinua mkono kwa nguvu hadi Mama Tshiela akamshika kiwiko asije akamuumiza jirani, na pendekezo la mipira likapita.

Bei haikufanya muujiza. Jumamosi ile ilikuwa bado mia sita. Lori la kwanza liliposhuka kutoka kwenye matofali, ikawa mia sita na themanini. La pili lilipopita sokoni likipiga honi bila sababu, ikapita mia saba. Mwisho wa mwaka ilikuwa inazunguka mia nane na kitu, na elfu hakuna aliyeiona tena mwaka ule. Kwa hesabu ya ubao, mahari ya Amisa ilikuwa imepungua. Wakati mwingine, akifunga duka, alilifikiria jambo hilo na lilimchoma kidogo, kwa sababu hakuwa mtu wa kujidanganya. Waliouza kwa hofu kwenye mia sita walichomwa zaidi. Mzee Aruna aliendelea kupita gerejini kila Jumamosi na koti lake jipya, akisimama mbele ya ubao na kutikisa kichwa, bei iwe imepanda au imeshuka.

Kabla mwaka haujaisha, mvua zilipoanza, kampuni ilifungua njia mpya ya kwenda Musumba, kule Kapanga, ambako malori machache yalithubutu kufika na kitenge kiliuzwa bei nzuri. Abibu akapewa lori mojawapo la Tenke. Amisa akapakia mabunda yake, akafunga duka, akapanda mbele. Mzee Aruna alisema mwanamke hasafiri njia ile wakati wa mvua, kisha akamletea mfuko wa karanga za njiani.

Siku ya tatu walizama. Barabara ilikuwa supu nyekundu, na mipira ile mipya ilizunguka ikirusha matope hadi kwenye majani ya miti. Watu wa kijiji cha karibu wakatoka mashambani, wakaja na majembe na magogo, wakacheka kwanza, halafu wakaanza kusaidia. Amisa alikuwa ameshavua viatu, matope yamemfika magotini, mabega yake yameegemea ubao wa nyuma wa lori kati ya wanaume wawili.

"Mama, kaa pembeni," mmoja wao alimwambia. "Hii ni kazi ya benye lori."

"Njo mi huyu," alisema Amisa. "Haya, sukumeni!"